Siku nne nilizoshindwa kukaa nyumbani: mafua yalivyopita nyumba yetu ya vyumba sita

Nitangulize kusema kwamba mtoto wangu alipona. Nimekwishasimulia habari hii kwa watu wengi, na kila mara naona msikilizaji hasikii kitu mpaka ajue mtoto aliishia wapi. Alipona, sasa anakimbia. Ninayotaka kueleza ni jinsi tulivyofika pale, kwa sababu makosa mengi yalikuwa yangu, na mengine yalikuwa ya hali tunayoishi, na imenichukua muda mrefu kuyatenganisha.

Tunapanga Manzese, Dar es Salaam, katika nyumba ya Kiswahili: vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati, na uani choo kimoja na bafu moja. Mwaka ule tulikuwa watu ishirini na watatu humo ndani. Chumba chetu ni cha kwanza kushoto ukitokea barabarani. Tulilala wanne: mimi, baba watoto ambaye anaendesha bodaboda, binti yetu wa miaka tisa, na mdogo wake aliyekuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Dirisha ni moja. Tulikuwa tumelipigilia nailoni na ubao kwa sababu mwaka uliotangulia mwizi aliingiza mti na kuvuta suruali ya baba watoto ikiwa na hela za tajiri mwenye pikipiki.

Kazi yangu ni usafi katika jengo la ofisi kule Posta, katikati ya jiji. Nimeajiriwa na kampuni inayoleta wafanya usafi, si na ofisi zenyewe. Mshahara ulikuwa 180,000 kwa mwezi, na kila siku usiyoonekana wanakata 7,000. Hesabu hiyo ndiyo iliyoniamulia mambo yote ya wiki ile.

Ilikuwa mwezi wa tano, masika yamekolea. Afisa mmoja wa ghorofa ya tatu alirudi safarini akikohoa, macho mekundu. Ni dada mwema, hunisalimia kila siku. Akakaa siku moja, kesho yake akaenda hospitali, akapewa ED, yaani cheti cha daktari cha kutokwenda kazini, ya siku tatu na kurudi kwake kupumzika. Mimi ndiye niliyemwaga ndoo yake ya taka iliyojaa karatasi alizopengea, kwa mikono mitupu, maana glovu zilikuwa zimekwisha na msimamizi alisema zitaletwa mwisho wa mwezi. Simlaumu yule dada. Alifanya kile ambacho mgonjwa wa mafua anatakiwa kufanya. Alikwenda nyumbani, na mshahara wake ukabaki vilevile.

Siku ya tatu baada ya hapo niliamka kichwa kinagonga, viungo vinauma kama nimepigwa, na homa juu. Haya hayakuwa mafua ya kupiga chafya na kupenga tu. Influenza, yaani yale mafua makali, huja kwa kishindo; asubuhi unafua, jioni huwezi kuinua ndoo. Nikanywa panado mbili, homa ikashuka, nikaenda kazini. Kesho yake hivyohivyo. Nilifanya hivyo siku nne.

Hilo ndilo kosa la kwanza, na bado linaniuma. Panado inashusha homa, haiui kirusi. Mgonjwa wa influenza huanza kuambukiza kama siku moja kabla hajajisikia vibaya, na huendelea kwa siku tano hadi saba, watoto hata zaidi. Siku zile nilizojiona nimepata nafuu kwa ajili ya vidonge ndizo siku nilizokuwa namwaga virusi kila nilipopita. Na nilipita pengi! Asubuhi mwendokasi kutoka Manzese Tip Top, mvua inanyesha, madirisha yamefungwa, tumebanana mpaka ukikohoa unamkoholea mtu shingoni. Kisha vitasa vya milango ghorofa tano. Kisha jioni ukumbini, ambapo wanawake sita tulikuwa tunapika kwa majiko ya mkaa tukiwa tumejipanga ukutani, kwa sababu uani kulikuwa na maji ya mvua.

Ningekaa nyumbani siku nne ningekatwa 28,000. Wakati huo tulikuwa tunadunduliza kodi ya miezi sita, 50,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alishapita mara mbili. Nilijiambia kwamba mafua hayajamuua mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba influenza ya msimu huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka duniani kwa matatizo ya kupumua. Sikujua. Katika nyumba yetu neno "mafua" lilikuwa jina la kitu kidogo, na ugonjwa wa kuogopa ulikuwa malaria.

Yalizunguka kwa mpangilio ambao naweza kuuchora. Binti yangu kwanza, akaenda shule na homa kwa sababu mimi niko kazini na baba yake yuko barabarani. Kisha mama wa chumba cha pili na wanawe wawili. Tulikuwa tunabadilishana kubembeleza watoto. Kisha kijana wa chumba cha tano anayebeba mizigo Kariakoo, naye alikwenda kubeba mizigo akiumwa, maana kibarua analipwa kwa siku aliyofika. Mtoto wangu mdogo siku ya tano. Bibi wa chumba cha nne siku ya sita. Baada ya siku kumi, watu kumi na watatu walikuwa wamekwishaugua.

Kwa mtoto nilifanya mambo matatu ambayo naomba mama yeyote anayesoma asiyarudie.

Nilikwenda duka la dawa nikanunua amoksilini. Hela haikutosha dozi nzima, nikauziwa ya siku mbili. Dawa hizo haziui kirusi cha mafua hata ukimaliza dozi, na nusu dozi inafundisha bakteria kuzoea dawa. Muuzaji hakuniuliza mtoto ana uzito gani wala anapumua vipi. Nilitoa 2,500 nikaondoka nimefurahi kwamba nimempa mtoto dawa.

La pili, nilimfunika. Nikaziba hata ule upenyo mdogo wa juu ya dirisha kwa khanga, nikasema baridi isimpate. Na usiku nikampigisha nyungu ya mchaichai na majani ya mwarobaini chini ya blanketi, mimi na yeye na dada yake, sote watatu tukipumuliana. Nusura sufuria immwagikie. Tangu ule mwaka wa korona, 2020, nyungu imekuwa jambo la kila nyumba, na sitaki kugombana na mtu mzima anayejifukiza mwenyewe. Lakini mtoto mdogo na maji ya moto chini ya blanketi, hapana.

La tatu, nilingoja. Usiku wa tatu wa homa yake alikuwa hanyonyi vizuri, na puani kunatoka mlio. Nikasema asubuhi. Asubuhi nikasema nikitoka kazini. Bibi wa chumba cha nne, yeye mwenyewe akikohoa, ndiye aliyesimama mlangoni kwetu akamtazama mtoto, akasema, "Mwanangu, hebu mvue fulana." Nikamvua. Kila akivuta pumzi, sehemu ya chini ya mbavu ilikuwa inaingia ndani. Bibi akasema, "Huyo si wa kesho."

Kipimo hiki nilifundishwa baadaye na muuguzi wodini, na tangu hapo nimewafundisha wanawake wote wa nyumba yetu. Mtoto akiwa ametulia, hajalia, mfunue kifua, weka simu kwenye saa ya sekunde, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja, akifika 50 au zaidi, mpeleke. Wa mwaka mmoja hadi mitano, akifika 40 au zaidi, mpeleke. Mbavu zikiingia ndani, au hanyonyi kabisa, au anatapika kila kitu, au amelegea haamki vizuri, au amepata degedege, usihesabu tena, beba. Wa kwangu walimhesabu mapokezi: 58.

Bajaji 7,000 kwa sababu ilikuwa usiku na mvua. Ni hospitali ya serikali, na kwa sera mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi. Kumuona daktari kweli sikulipa. Lakini dawa moja haikuwapo dirishani, nikaandikiwa niitafute nje, 14,000. Chakula changu cha siku tano, nauli za baba watoto kwenda na kurudi, sabuni, pampasi. Jumla 61,000, bila kuhesabu siku nilizokatwa kazini. Nilipokaa kwenye lile benchi la wodini nikapiga hesabu hiyo mara tatu. Nilikuwa nimekimbia kupoteza 28,000.

Walimpima malaria kwanza, hakuna. Wakambana kidole na kale kakifaa ka kupimia oksijeni, ikasoma 87, iko chini mno. Akawekewa mipira puani. Daktari, kijana mpole sana, akaniambia, "Mama, inaelekea mafua makali ndiyo yaliyotangulia, nimonia ikaja juu yake." Akaomba kuchukua majimaji ya puani kwa kijiti cha pamba, kwa sababu hospitali ile ni miongoni mwa chache zinazopeleka sampuli ili nchi ijue ni mafua ya aina gani yanazunguka. Majibu niliyapata siku tulipokuja kwa marudio: influenza A.

Nilimuuliza kama kuna dawa ya kirusi chenyewe. Ipo, inaitwa oseltamivir, ila faida yake kubwa ni ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Sisi tulikuwa siku ya nne. Saa 48 za kwanza kwetu ni saa za duka la dawa na kusema tuone kesho.

Lile jibu la maabara limenifikirisha sana. Mtoto wangu ameingia kwenye hesabu ya taifa kwa sababu alizidiwa mpaka akalazwa, tena hospitali inayochukua sampuli. Wengine kumi na wawili wa nyumba yetu hawamo popote. Hakuna aliyewapima mafua, hakuna aliyewaandika kwenye hesabu hiyo. Mtu anayekwenda kwa daktari siku ya kwanza ya homa kwa sababu ana bima anaonekana mapema, sisi tunaonekana tukishaharibikiwa. Dar es Salaam ina watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, na wengi wao wanaishi tunavyoishi sisi. Mtu akitazama takwimu za mafua akadhani anauona mji mzima, nyumba kama yetu hajaiona.

Muuguzi aliomba kadi ya kliniki. Nikaitoa kwa aibu. Mtoto alikuwa na sindano za wiki ya 6 na ya 10, ya wiki ya 14 haikuwapo. Wiki ile ndiyo niliyoanza kazi hii, nikaogopa kuomba ruhusa. Katika sindano hizo kuna chanjo ya nimokoka, bakteria mmoja wa nimonia, ambayo nchini kwetu inatolewa bure tangu 2013, na ndani ya pentavalenti, sindano moja ya kukinga magonjwa matano, kuna kinga ya bakteria mwingine wa nimonia. Hazizuii mafua, lakini zinazuia wengi wa wale wanaoingia kifuani mafua yakishafungua mlango. Chanjo ya mafua yenyewe haimo katika ratiba ya bure ya watoto. Iko kwenye baadhi ya hospitali za kulipia, na inabidi kuchomwa kila mwaka kwa sababu kirusi hubadilika. Mimi sijamudu. Lakini ile ya bure nilikuwa nayo mkononi nikaiacha. Ikiwa umeruka tarehe, usiogope kufokewa, nenda, waulize inamaliziwa vipi. Mimi nilimaliziwa wodini, hakuna aliyenifokea.

Bibi alilazwa siku mbili baada yetu. Ana pumu ya miaka mingi. Alikaa siku tisa. Aliporudi, tulimsimamisha kwenye kizingiti akapumzika mara mbili kabla hajafika chumbani kwake. Kabla ya hapo alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua. Hajakaanga tena, moshi unambana. Nilikwenda kumuomba radhi, nikapiga magoti kabisa. Nikamwambia, "Bibi, mimi ndiye niliyeleta humu ndani." Akanishika kichwa akasema, "Ungekaa na njaa ili mimi nisikohoe?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Ushauri wa mafua sote tunaujua tangu enzi za zile ndoo zenye koki zilizowekwa mlangoni mwa kila duka: nawa mikono, kaa mbali na wenzio, pumzika, fungua madirisha, usiende kazini. Hakuna hata mmoja ulio wa uongo. Lakini kila mmoja una bei. Kunawa ni dumu la maji, kwetu 200 ukinunua, na mvua ikikatika hufika 500. Kukaa mbali ni chumba cha pili. Kufungua dirisha ni nondo na wavu. Kupumzika ni 7,000 kwa siku. Mwenye tangi la maji, gari lake na vyumba vitatu analipa bei hizo bila kujua kwamba amelipa. Kwa hiyo tukiambiwa kwamba watu wa uswahilini hawafuati ushauri, naumia. Tulikuwa tunaujua wote.

Wala si jambo la Manzese pekee, au la zama hizi. Mdogo wangu anasomea afya ya jamii, na wakati nauguza aliniambia habari ya mafua makubwa ya 1918 katika mji wa Kristiania, ambao sasa unaitwa Oslo, kule Norwei. Watafiti walirudi kwenye daftari za zamani wakalinganisha mtaa wa matajiri na mtaa wa wafanyakazi, wakakuta kwamba waliokuwa wakiishi kwenye makazi ya chumba kimoja walikufa zaidi kuliko waliokuwa na vyumba vingi. Kule Chicago, mwaka uleule wa 1918, maeneo yenye watu wengi wasiojua kusoma ndiyo yaliyozika zaidi. Niliposikia neno "chumba kimoja" nilitazama kitanda chetu. Miaka zaidi ya mia, na bado ni chumba.

Na kuna kitu ambacho wakubwa wa majengo wangepaswa kukiogopa kwa faida yao wenyewe. Mimi niliyenyimwa siku nne ndiye nilishika vitasa vya ghorofa tano. Wiki iliyofuata nusu ya ghorofa ya pili ilikuwa inakohoa.

Sasa sheria. Hili nililijua kupitia msaidizi wa kisheria aliyekuja kwenye mkutano wa mtaa, na ningelijua mapema ningefanya tofauti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Sharti ni cheti cha daktari, na kwa kawaida uwe umefanya kazi zaidi ya miezi sita. Mimi nilikuwa na mwaka na ushee. Msimamizi wetu alikuwa anasema "hakuna kazi, hakuna hela", na sisi tulidhani ndiyo sheria. Kwa hiyo ukiumwa, nenda kituo cha afya siku ya kwanza, si kwa dawa tu, chukua na karatasi ya ED, ipige picha kwa simu kabla hujaikabidhi, mpigie msimamizi halafu umtumie na ujumbe ili kuwe na maandishi. Tulipokwenda watatu kwa pamoja na kutaja sheria hiyo kwa sauti ya kawaida, bila ugomvi, makato ya wagonjwa wenye cheti yalikoma. Peke yangu nadhani ningefukuzwa. Kijana wa chumba cha tano, anayebeba mizigo, hana mwajiri wa kumdai. Kwake sheria hii haina mlango.

Kwa ajili yake na wengine kama yeye, nyumba yetu ilianzisha sanduku. Wazo lilitoka kwa mama wa chumba cha pili. Tulikuwa na mchezo wa kupeana 20,000 kila wiki. Tukaongeza kila chumba kitoe 1,000 kwa wiki ya pembeni, isiyoguswa ila kwa mtu mwenye homa na kikohozi. Anayeugua anapewa 5,000 kwa siku, kwa siku nne, kwa masharti kwamba habanduki nyumbani. Si hela nyingi, ila inanunua unga na dagaa, na inamwondolea mtu ile aibu ya kulala mchana. Tulibishana karibu mwezi mzima kuhusu nani ataamua kama mtu anaumwa kweli. Tukaamua bibi.

Mengine ni madogo. Dirisha tulitengeneza kwa nondo nyembamba na wavu, 22,000. Mwenye nyumba alikataa kwanza, kisha akakubali kukata nusu kwenye kodi. Sasa tunalala likiwa wazi hata mvua ikinyesha. Majiko ya mkaa hayaingii ukumbini. Tulichanga bati nne tukaezeka kibanda uani. Mtu akiugua chumbani kwetu tunalala mzungu wa nne, yeye kichwa upande wa dirisha, na kikombe chake kinafungwa uzi mwekundu. Mgonjwa ndiye anayejifunga khanga mdomoni, si watoto. Na wa mwisho kwenda choo jioni anafuta kitasa kwa maji ya sabuni, zamu imebandikwa ukutani.

Masika yaliyofuata aliyeanza kuugua alikuwa yuleyule kijana wa mizigo. Alirudi saa nne asubuhi ametota, meno yanagongana. Bibi alimwangalia kutoka kwenye kigoda chake akasema, "Mpeni." Akalala siku nne, mlango wake umefungwa, dirisha lake liko wazi, tunamwekea uji kizingitini. Siku ya tatu mke wa chumba cha sita aliugua, naye akakaa. Watoto hawakuugua. Sanduku lilibaki na 3,000, tukaanza kulijaza tena Jumapili ileile.